Mbegu za Kibuyu Chenye Ufa

Hadi anatimiza miaka sitini na mmoja, Kobugabe hakuwahi kupanda kitu chochote ardhini kwa mkono wake. Msimwite mvivu. Tangu usichana wake alikuwa akiamka kabla ya jogoo, akikamua, akitenga maziwa ya ndama na maziwa ya watu, akisukasuka siagi mpaka mabega yakakakamaa. Lakini jembe lilikuwa la watu wengine. Kwao, kwenye mbuga za nyasi za Kyerwa, mtoto aliyeonekana anatafuna mchicha aliulizwa kama ameota pembe. Majani ni ya ng'ombe, maziwa ni ya watu. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyomlea mwanawe Tumusiime, asijue kwamba Mungu naye ana utani wake.

Utani wenyewe uliitwa Costansia. Tumusiime alimleta nyumbani Isingiro, hukohuko Kyerwa, kutoka kwa wakulima wa migomba wa upande wa Karagwe, watu wenye kahawa na maharage ila hawana hata mkia wa ndama. Kobugabe alitabasamu mbele ya wageni, moyoni akanuna. Katika ukoo wao, bibi harusi akiingia, mama mkwe humkabidhi kibuyu cha maziwa ili ajulikane kuwa ni mtu wa nyumba ile. Kobugabe alikwenda kwenye kichanja cha vibuyu, akavipita vizuri vyote, akachukua kidogo chenye ufa ubavuni, kisichoweza kushika hata kikombe kimoja cha maziwa. Wageni hawakuuona ule ufa, lakini Costansia aliuona. Alikipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akasema asante mama.

Baadaye alikipatia kazi. Alikuwa akihifadhia mbegu humo.

Na liko jingine, ambalo Kobugabe hakumwambia mtu yeyote, hata mumewe Byaruhanga. Mwaka ule wa kwanza wa ndoa, Costansia alilima bustani nyuma ya nyumba: kabichi, mchicha, vitunguu. Ilipendeza, na kupendeza kwake ndiko kulikomkera Kobugabe. Majirani walikuja kuitazama, wakasifu, wakaondoka na mafungu ya mboga. Asubuhi moja Costansia akiwa ameenda kuchota maji, Kobugabe alikwenda kwenye banda la ndama, akafungua fundo la kamba, akarudi jikoni kukoroga uji. Ndama watano hawahitaji nusu saa. Costansia aliporudi, mama mkwe wake alishika kiuno akasikitika kwamba kamba imejifungua. Binti alifagia mabaki, akalima upya, na safari hiyo akazungushia uzio wa miti.

Miaka sita ilipita, na miaka ina kazi yake. Costansia alipoteza mimba mbili, na mara zote mbili ni Kobugabe aliyemkanda tumbo. Kobugabe naye aliugua kifua mwaka juzi mpaka watu wakaanza kunong'ona habari za sanda, na ni Costansia aliyemwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani kwa siku arobaini. Katika siku zile alimlisha pia nyanya chungu zilizopondwa na karanga, na bibi yule wa maziwa akazila, akaomba nyingine. Alimpenda yule binti. Alimpenda kuliko alivyojua kusema, basi hakusema.

Mimba ya tatu ilipofika mwezi wa saba, mwishoni mwa Agosti, wakunga walisema asikae tena mbali na hospitali. Ilibidi akalale huko, mguu juu, asubiri siku zake. Tumusiime angekaa naye. Asubuhi ya kuondoka, gari likiwa limeshawashwa, Costansia alimshika mama mkwe wake mkono, akampeleka jikoni, akamwonyesha kile kibuyu, kichanjani kando ya vibuyu vya maziwa.

Ndani yake mlikuwa na kifurushi cha kitambaa kilichokatwa kwenye kitenge cha marehemu mama yake, na ndani ya kitambaa mbegu za nyanya chungu nyeupe, za aina ambayo mama yake alikuwa amezitunza tangu ujana. Mama alikufa mwaka uliopita. Kaka yake Costansia akang'oa bustani yote, akapanda kahawa. Mbegu zile zilikuwa ndizo pekee zilizobaki duniani, na zilikuwa zimeshakaa muda mrefu. Zikikosa kuatikwa vuli hii, hazitaota tena.

"Mama, kitalu nimeshakiandaa," Costansia alisema. "Mvua ikinyesha mara mbili, uziatike. Nakuachia wewe."

Kobugabe aliitikia kwa kichwa. Kuambiwa hivyo kulimchoma kidogo, na hakujua kwa nini.

Mvua ya kwanza ilinyesha katikati ya Septemba, siku ya Alhamisi. Ya pili ikaja Ijumaa usiku. Jumamosi asubuhi Kobugabe alikuwa na kazi yake ya kila Jumamosi, kufukiza vibuyu. Mfugaji asiyefukiza vibuyu vyake atakunywa maziwa yaliyoharibika na atastahili. Unatia makaa kwenye chungu cha kufukizia, juu yake nyasi kavu za kunukia, moshi mzito ukipanda unafunika mdomo wa kibuyu juu ya mdomo wa chungu, unaacha moshi uingie mpaka ndani kuwe na harufu ya kutamanika. Kobugabe alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka hamsini, na mikono yake haikuhitaji tena kichwa chake.

Kichwa chake asubuhi ile kilikuwa hospitalini. Tumusiime alikuwa amepiga simu alfajiri, akasema Costansia ameona damu, madaktari wanamwangalia, atapiga tena. Kwa hiyo mama alishusha vibuyu kimoja kimoja kutoka kwenye kichanja huku akimwombea, akafukiza cha kwanza, akafukiza cha pili, akafukiza cha tatu. Akaweka cha nne. Simu ikalia. Simu ya pale nyumbani haisikiki vizuri mpaka upande kichuguu cha nyuma ya zizi, basi akatoka mbio, akapanda, akasikiliza. Damu imekata. Mtoto anacheza. Alisimama juu ya kichuguu akalia kwa furaha, akamwita Byaruhanga aje asikie, wakazungumza na Tumusiime mpaka salio likaisha.

Aliporudi jikoni aliona moshi unatoka ubavuni mwa kibuyu.

Vibuyu vizima havitoi moshi ubavuni. Kobugabe alisimama mlangoni kwa kitambo kifupi, kisha akakirukia. Kilikuwa cha moto hata akakibadilisha mikono. Akaingiza vidole, akavuta kile kifurushi kilichokuwa kimekwama shingoni, na kitambaa cha kitenge kikatoka kimebadilika rangi, upande mmoja umekuwa kahawia, kinanuka kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Mbegu zenyewe alizimimina kiganjani. Zilikuwa kavu na nyepesi. Hakujua mbegu nzima inafananaje, kwa hiyo hakujua kama alikuwa ameshika mbegu au maiti za mbegu.

Fikra iliyomjia kwanza haikuwa ya mbegu. Ilikuwa ya ndama. Alijiambia kwamba mtu aliyewahi kufanya lile kwa kusudi, akija akasema hili ni bahati mbaya, ni nani atakayemwamini?

Jumatatu aliziatika zote. Kitalu kilikuwa kama Costansia alivyokiacha, tuta lililoinuliwa, mawe pembeni, udongo umechanganywa na samadi iliyooza na kuchekechwa. Alichora mistari kwa kidole kama alivyoelekezwa, akadondosha mbegu, akafukia kidogo, akatandaza nyasi kavu juu, akasimamisha kichanja cha majani ya mgomba kuzuia jua. Alinyunyiza maji kwa kopo lililotobolewa matundu. Byaruhanga alikuja na fimbo yake, akamtazama mkewe akiwa amepiga magoti kwenye udongo, akauliza kama amepoteza kitu. Kile kitambaa kilichoungua alikificha chini ya godoro.

Siku ya saba hakukuota kitu. Siku ya kumi pia kimya. Asubuhi zile zilikuwa na baridi na ukungu uliokaa bondeni mpaka saa nne, na Kobugabe alikuwa akifunua nyasi kila baada ya kukamua, anatazama, anafunika. Costansia alipiga simu kila jioni. Hakuuliza habari za ng'ombe wala za mvua. Aliuliza kama zimeota, na mama mkwe alijibu kwamba bado mapema.

Siku ya kumi na mbili alipiga Tumusiime. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyetoka wodini kwenda kuzungumzia nje. Presha ya Costansia imepanda. Hapati usingizi. Anawaza mbegu usiku kucha, anasema ameota ndoto mama yake anamuuliza amezipeleka wapi. Daktari amesema asisumbuliwe na jambo lolote.

"Mama, mwambie neno jema," alisema. "Nampa simu."

Pale juu ya kichuguu, upepo ukimpiga kanga, Kobugabe alisikia pumzi ya binti yule ikingoja. Alifumba macho.

"Zimeota," alisema. "Zimeota vizuri."

Alisikia kilio cha furaha. Costansia alimwita mama mara tatu mfululizo. Kobugabe alishuka kichuguu. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye alishaona mwisho wake: siku binti atakaposhuka kwenye gari akakuta tuta tupu.

Kesho yake alfajiri alimwambia Byaruhanga anakwenda kununua dawa ya kupe, akapanda gari la abiria mpaka Omurushaka. Dukani kwa Zuleha ndiko alikonunua dawa za mifugo kwa miaka ishirini. Zuleha alikuwa mwanamke mwenye mdomo mwepesi na moyo mzuri. Babu yake alitoka pwani kuja kufanya biashara, ukoo ukabaki, na duka likakua likawa na dawa za ng'ombe upande mmoja na mbegu upande mwingine. Upande ule wa mbegu Kobugabe hakuwahi hata kuutazama.

Zuleha alimpa shikamoo, akamkaribisha kiti, akashika tayari chupa ya dawa ya kupe. Kobugabe alipotaja mbegu za nyanya chungu, Zuleha aliirudisha chupa polepole.

"Leo mama Tumusiime anataka majani?" alisema. "Ng'ombe wamegoma?"

Siku nyingine wangecheka. Zuleha aliuona uso wa mteja wake, akaacha utani. Alimtolea pakiti, nyanya chungu nyeupe, akamweleza yote kwa subira: loweka usiku mmoja, atika, nyunyiza asubuhi na jioni, usizidishe maji, kinyausi, ugonjwa wa kuozesha shina, kisije kikalaza miche yote chini. Kobugabe aliuliza zitaota lini. Siku nane, Zuleha alisema, au kumi kwa baridi hii. Tena akaongeza ushauri wa bure, kwa nia njema kabisa, maana hakuna aliyemwambia kwamba kwenye tuta lile tayari kuna mbegu nyingine.

"Chochote kitakachotangulia kabla ya siku nane ni magugu," alisema. "King'oe kingali kichanga."

Kobugabe angeweza kutengeneza tuta jingine. Nafasi ilikuwepo. Lakini Costansia angeuliza kuna nini kwenye tuta lake, na majirani wangeuliza kwa nini matuta ni mawili, na mtu mwenye siri hupenda kila kitu kikae mahali pake. Aliatika mbegu za dukani katika mistari ileile, juu ya zile alizoamini zimekufa. Alimaliza, akafunika nyasi, akaosha mikono. Usiku ule alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile ya moshi, na ndiyo kosa jingine la waongo, kudhani usingizi ni msamaha.

Siku ya nne tangu aatike za dukani, alifunua nyasi akakuta vichipukizi vitatu. Vilikuwa vidogo, vimeinama kama ndoana, majani mawili bado yamebana ganda, na shingo zake zilikuwa za zambarau. Alivitazama kwa kuridhika. Magugu. Alikumbuka maneno ya Zuleha, akaving'oa kwa ncha za vidole, taratibu, asiguse pembeni. Kesho yake viliota vingine vitano, akaving'oa. Siku iliyofuata vitatu. Ndama mdogo wa ng'ombe mwekundu alikuwa amechungulia juu ya uzio, shingo imenyooshwa, akamrushia vile vichipukizi, naye akavilamba vyote kwa mara moja. Kobugabe alicheka. Alianza kujiona mkulima.

Siku ya tisa za dukani zikatoka zote kwa pamoja, mistari miwili mirefu ya kijani. Alimwita Byaruhanga aje aone. Mzee alikuja, akaegemea fimbo, akasema kwamba kumbe hata majani yana watoto. Kobugabe aliinama kuviangalia vizuri, kisha akaacha kutabasamu. Vile vijani viwili vilikuwa na umbo lilelile la vile alivyong'oa. Urefu uleule, ncha ileile. Shingo tu ndiyo ilikuwa tofauti. Hizi zilikuwa za kijani.

Alijiambia kuwa magugu nayo huenda yanafanana na mazao. Alijiambia hivyo mara nyingi siku ile.

Siku mbili baadaye Tumusiime alipiga simu akiwa analia, na Kobugabe aliposikia kilio aliketi chini juu ya kichuguu kabla hajaelewa kuwa ni cha furaha. Costansia amejifungua kwa upasuaji, msichana, mdogo lakini mzima, mapafu yake wodi nzima inayasikia. Wamemwita Katusiime, yaani tumshukuru Mungu. Kobugabe alishukuru kwa Kinyambo na kwa Kiswahili, akaimba, akapiga vigelegele mpaka ng'ombe wakainua vichwa. Kisha akapewa mzazi mwenyewe. Sauti ya Costansia ilikuwa dhaifu, lakini ilikuwa na tabasamu. Aliuliza kama mama amekunywa maziwa kwa ajili ya mjukuu. Halafu akauliza lile lake.

"Mama, shingo zimetoka za zambarau? Za mama yangu huzaliwa na rangi hiyo. Ndivyo alivyozitambua kitaluni."

Kobugabe alisema mtandao unakatika. Akakata simu yeye mwenyewe.

Zilikuwa kumi na moja. Alizihesabu juu ya kichuguu, tatu, tano, tatu. Kumi na moja zilizopita kwenye moshi na zikaishi. Moto haukuziua. Aliziua yeye, kwa vidole vyake, kwa adabu, asubuhi tatu mfululizo, akamlisha ndama. Alilia mdomo wazi, bila sauti. Kama angesema ukweli siku ile ya kwanza, au kama angekaa kimya tu bila kwenda Omurushaka, tuta lingekuwa na miche kumi na moja ya marehemu. Uongo wake ndio uliokwenda kununua pakiti, na pakiti ndiyo iliyofanya watoto wa nyumba waitwe magugu.

Alishuka akaenda kitaluni, akapiga magoti, akaanza kutafuta. Alipitia mstari wa kwanza mche kwa mche, akiinamisha uso mpaka udongo ukamgusa kidevu. Kijani. Kijani. Jua lilipanda, ng'ombe wakalia kutaka kufunguliwa, Byaruhanga akaita mara mbili. Alipitia mstari wa pili. Kijani mpaka mwisho. Akaanza kuinua nyasi za pembeni, kwenye mawe, mahali ambapo mvua huwa inasukuma udongo. Chini ya jiwe la kona, mahali ambapo mkono wake wa kung'oa haukufika, palikuwa na mche mmoja uliopinda kutafuta mwanga. Shingo yake ilikuwa ya zambarau. Shubiri moja kutoka hapo palikuwa na mwingine.

Hakugusa. Hata kupumua karibu nayo aliogopa. Alikata vijiti akaizungushia, akaitengea kivuli chake, na tangu siku hiyo akawa hawezi kukaa nyumbani muda mrefu. Akisikia kuku anapekua, anatoka. Mvua ikija na upepo, anakwenda kusimama pale na beseni. Sota, yule mdudu anayekata miche shingoni wakati wa giza, alimtafuta kwa kijiti udongoni kila jioni, na alimpata mmoja, akamponda kwa jiwe kwa hasira iliyomzidi mdudu yule.

Byaruhanga si mtu wa kuambiwa mambo, lakini si kipofu. Alimuuliza mkewe, naye akamweleza; habari za moshi, za pakiti, za vidole. Za ndama wa miaka sita iliyopita aliziruka. Mzee alitafuna kahawa yake kavu muda mrefu. Kisha akasema jambo ni jepesi. Ang'oe zile za dukani zote, aache hizi mbili, amwambie binti kwamba zilizodumu ni mbili, nyingine zilikufa. Uongo uko wapi hapo? Mbili zipo, na nyingine kweli zimekufa.

Lilikuwa shauri zuri, na Kobugabe alilibeba siku nane. Mara mbili alikwenda kitaluni na kuinama juu ya mistari ya kijani, mkono tayari. Mara zote mbili alirudi, maana vidole vyake vilikuwa vimeshafanya kazi ile na havikutaka tena.

Costansia alirudi mchana wa jua kali, mwishoni mwa Oktoba. Gari lilisimama chini ya njia. Tumusiime alibeba mizigo, yeye akabeba mtoto, akitembea polepole na mkono mmoja juu ya kidonda. Byaruhanga alisimama mlangoni na kibuyu cha maziwa ya kumpokea mzazi. Costansia aliamkia, akaitikiwa, akaomba radhi kwamba atakunywa baada ya muda mfupi tu. Akaipita nyumba, akaenda nyuma.

Kobugabe alimkuta amesimama juu ya kitalu, uso umeng'aa, mtoto amelala kifuani. Macho yake yalikuwa bado juu juu, kwenye wingi wa miche. Mara yakashuka kwenye shingo. Kobugabe aliona ule mng'ao ukiondoka usoni, kidogo kidogo, na alijua kwamba akichelewa kwa pumzi moja zaidi atasema neno la Byaruhanga.

Alikuwa amekitoa kile kitambaa chini ya godoro tangu asubuhi. Alikitoa kwenye mkunjo wa kanga, akakikunjua upande ulioungua ukawa juu.

"Nilikifukiza kibuyu chako," alisema. "Kwa kusahau. Nikakudanganya kwenye simu. Nikanunua hizi, nikazipanda juu yake, na za mama yako zilipoota nikaziona magugu. Nimeng'oa kumi na moja kwa mkono huu. Zimebaki mbili, zile pale kwenye jiwe."

Costansia alikipokea kile kitambaa. Kobugabe, aliyekuwa amefika mahali ambapo kusimama ni kugumu kuliko kuanguka, alijikuta anaendelea.

"Na ndama wale," alisema. "Mwaka ule wa kwanza. Kamba haikujifungua."

Costansia alikunja kitambaa cha mama yake mara mbili, akakitia kifuani, kati ya nguo na mtoto. Machozi yalikuwa yanamshuka lakini sauti yake ilikuwa imetulia.

"Hilo nilijua, mama," alisema. "Ndama hafungui fundo."

"Ulijua." Kobugabe alisema. "Ulijua miaka yote hii, na bado ukaniachia mbegu?"

"Ningemwachia nani? Mama yangu amekufa. Niliyebaki naye ni wewe."

Hapakuwa na hasira katika maneno yale, na ndiyo maana yaliingia mpaka ndani. Kobugabe alijifunika uso kwa kanga. Angepigwa angevumilia, alikuwa amejiandaa kupigwa.

Alipojifunua, Costansia alikuwa amemnyooshea mtoto. "Mshike," alisema, "nataka kuinama." Kobugabe alimpokea Katusiime kwa mara ya kwanza, akamwekea mkono chini ya kichwa, na mtoto akanuna usingizini. Costansia alishika jiwe la kona, akapiga goti taratibu kwa ajili ya kidonda chake, akaitazama ile miche miwili kwa karibu, akaitazama sana. Aligusa udongo wake. Alivichunguza vile vijiti vilivyozungushiwa, na kile kivuli kidogo cha jani la mgomba, na mfereji uliochimbwa kwa kijiko ili maji ya mvua yapite mbali.

"Hizi za dukani tutakula," alisema mwishoni. "Hizi mbili hakuna atakayekula tunda. Zote ni za mbegu." Alijiinua kwa kushika mkono wa mama mkwe wake, akajipangusa goti. "Zikifika urefu wa kiganja tutazipandikiza kule kwenye uzio. Na ndama utawafunga wewe."

Jioni ile Kobugabe aliwafunga ndama wote, fundo juu ya fundo. Alikwenda jikoni, akakuta kile kibuyu chenye ufa kimerudishwa kwenye kichanja, kitambaa kilichoungua kimo ndani, kitupu, kinangoja. Akatoka tena na taa kwenda kuzikagua kamba.